Umehama Kampala, akaunti ibaki wapi? Ulinganisho kwa mgeni anayehamia mkoani Uganda

Nilipohamishwa kutoka Kampala kwenda kufundisha Kiswahili Arua, kaskazini-magharibi mwa nchi, mwanzoni mwa 2024, godoro na vitabu vilitangulia na basi la usiku, mimi nikafuata kesho yake, na akaunti yangu ya benki ikabaki tawi la Wandegeya, kulekule Kampala. Sikuwaza habari zake. Mshahara utaingia, kadi ninayo, simu ninayo. Wiki ya tatu ndipo nilipotambua kwamba benki yangu haina tawi Arua, wala hata mashine moja ya kutolea pesa.

Nikauliza chumba cha walimu. Mwalimu wa hesabu, mwenyeji wa hapa, alijibu haraka: "Mwalimu, funga hiyo ya Kampala, fungua nyingine hapa, yaishe." Mhasibu wa shule akanikataza kugusa chochote, mawakala wamejaa mjini. Kijana wa maabara akacheka tu. Yeye mshahara ukiingia asubuhi, saa sita mchana umeshahamia wote kwenye simu.

Wote watatu walisema kweli kwa hali zao. Lakini wote watatu ni raia. Mfukoni wana kitambulisho cha taifa, ile ndaga muntu, na hakuna anayewauliza kibali kinaisha lini. Mimi nina pasipoti ya Tanzania na kibali cha kazi chenye tarehe ya mwisho. Kwa mgeni, umbali wa tawi ni shida ndogo. Shida kubwa ni kila mara unapotakiwa kuthibitisha upya kwamba wewe ni wewe, na unaruhusiwa kuwepo. Nimezipima njia zote kwa jicho hilo, na nadhani Mkenya, Mtanzania au Mkongomani anayehama ndani ya Uganda naye azipime hivyo.

Mkoa mpya, sheria ileile

Kwanza tuondoe hofu moja. Uganda haina majimbo yenye sheria zake za benki. Kuna wilaya, na kuna majina ya kanda ambayo watu huyatumia kila siku: West Nile (ndiko iliko Arua), Acholi, Busoga, Ankole, Kigezi. Benki Kuu ya Uganda, iliyoanza kazi 1966, ndiyo inayosimamia benki zote kuanzia Kabale hadi Moyo. Akaunti uliyofungua Kampala ni halali Arua kama ilivyo Kampala, na hakuna atakayekulazimisha kuifunga kwa sababu umehama.

Nasema hivyo kwa sababu nina jirani aliyetoka Goma, Kongo, na yeye alikuja na woga wake, nao si wa bure. Waasi wa M23 walipouteka mji wa Goma Januari 2025, benki zilifunga milango, na watu wenye akiba zao wakabaki na kadi zisizotoa kitu. Akisikia "tawi lako liko mbali," moyo unamlipuka. Ilinichukua jioni nzima kumweleza kwamba mambo ya huku si hayo: tawi la Wandegeya liko wazi, tatizo ni mwendo wa kama kilomita 480 kulifikia.

Kuiacha ilipo

Hii ndiyo njia niliyoifuata, kwa uvivu kwanza, kisha kwa makusudi.

Faida yake ya kwanza haionekani mpaka uihitaji: historia. Akaunti yenye miaka minne ya mishahara inayoingia mwezi hadi mwezi ni ushahidi. Ukiomba mkopo, ukiomba viza, ukitaka kupanga nyumba kwa mwenye nyumba mkali, ile taarifa ya akaunti inakusemea. Akaunti mpya huanza na karatasi tupu. Faida ya pili ni kwamba mwajiri hasumbuliwi. Wengi tulioajiriwa na mashirika au shule zenye makao makuu Kampala tunajua adha ya kubadilisha namba ya akaunti kwenye orodha ya malipo: unajaza fomu mwezi wa tatu, mshahara wa mwezi wa nne unakwenda kulekule kwa zamani, wa mwezi wa tano haujulikani ulipo.

Na kutoa pesa je? Hapo mhasibu alikuwa sahihi. Sheria ya taasisi za fedha ilirekebishwa 2016 ili kuruhusu benki kutumia mawakala, kanuni zikafuata 2017, na mwaka uliofuata benki kupitia chama chao zikaanzisha mtandao wa pamoja, ili wakala mmoja mwenye kimashine kimoja aweze kuhudumia wateja wa benki nyingi. Maana yake ni kwamba benki ambayo haijawahi kutia mguu Arua inaweza kunilipa kwenye duka la sukari na madaftari karibu na soko. Wakala wangu ni mama mmoja wa makamo tunayemwita Hajati. Nikisimama kaunta huniangalia kwanza usoni kabla ya kuitazama kadi. "Mwalimu, leo noti zimekwisha, rudi baada ya alasiri." Siku ya soko, wafanyabiashara wanaoelekea Ariwara upande wa Kongo wanapokausha noti za mji mzima, hata alasiri haitoshi. Ukitaka zaidi ya laki tano, mwambie jana yake.

Kanuni tatu za wakala zishike kichwani. Haruhusiwi kukutoza ada yake binafsi juu ya makato ya benki. Ni lazima akupe risiti. Na mtandao ukiwa chini, muamala hakuna. Akikwambia "niachie pesa hapa, mtandao ukirudi nitakuingizia," chukua noti zako, aga kwa heshima, ondoka. Hajati hajawahi kuniambia hivyo. Mwingine upande wa pili wa barabara aliwahi.

Sasa upande wa pili wa njia hii. Wakala anaweza kukupa pesa, kupokea pesa, kukuonyesha salio. Hawezi kukutolea kadi mpya. Hawezi kubadilisha namba ya simu iliyoandikwa kwenye akaunti. Hawezi kupokea nakala ya kibali chako kipya, wala kushughulikia muamala unaobishaniwa. Mambo hayo yanataka tawi, na hapo ndipo nilipoumia.

Mtandao wa laini yangu ya zamani ulikuwa dhaifu shuleni kwetu, nikanunua laini ya kampuni nyingine na ile ya zamani nikaitupa kwenye droo. Benki ikaendelea kutuma ujumbe wake droo. Mwezi wa tisa programu ya benki ilinitoa nje, ikadai nithibitishe kwa namba ya siri iliyotumwa kwenye laini ileile ambayo sasa haikushika tena. Laini isiyotumika muda mrefu hufungwa, na baadaye namba yake hupewa mtu mwingine. Fikiria mgeni mwingine kabisa anapokea ujumbe wa salio lako. Nikapiga simu benki. Wakanijibu kwa upole mwingi: njoo mwenyewe, na pasipoti halisi, na kibali halisi.

Ilikuwa ni kipindi kile daraja la Karuma limefungwa kwa matengenezo, mwishoni mwa 2024, magari ya West Nile yanazungushwa njia ndefu. Nilipoteza siku tatu za masomo, nauli ya kwenda na kurudi, na usiku mbili kwa shemeji yangu Kisenyi ambaye hakuacha kunikumbusha kwamba alinionya. Kazi yenyewe kaunta ilichukua dakika kumi na tano.

Kwa hiyo ukiamua kuiacha akaunti ilipo, siku moja kabla ya kufunga mizigo nenda tawini na ufanye mambo ambayo wakala hawezi: hakikisha namba ya simu ni ile utakayoitumia huko uendako, wape nakala ya kibali kipya, tazama tarehe ya mwisho ya kadi. Uliza pia kama tawi la mji mwingine, hata kama si mji wako, linaweza kukuhudumia kwa mambo hayo. Mimi sikuuliza. Lipo tawi Gulu, na lingeweza.

Kuhamisha tawi

Hili ni fupi. Kama benki yako ina tawi mji mpya, unaweza kuomba akaunti isomeke huko. Rafiki yangu kutoka Bukoba alihamia Mbarara, akajaza fomu tawi la Mbarara, akaonyesha pasipoti na barua ya mwajiri, na namba yake ya akaunti ikabaki ileile. Usichukulie kwamba itakuwa hivyo kwako; uliza kabla ya kutia sahihi, maana namba ikibadilika unarudi kwenye balaa la orodha ya malipo.

Lakini je, inafaa? Kwa mtu wa mshahara na kadi, karibu hakuna anachopata, kwa sababu tawi lolote la benki yake litamhudumia. Inamfaa anayetaka mkopo na anataka meneja wa hapo awe na sauti juu ya faili lake, au mfanyabiashara anayetumia hundi. Na kama tayari una mkopo wa mshahara, usihamishe chochote kabla ya kuzungumza na ofisa wa mikopo. Mkopo wa mgeni kwa kawaida hupimwa kwa urefu wa kibali na barua ya mwajiri, na ukivigusa hivyo viwili unaamsha maswali uliyokuwa umeyalaza.

Kufungua mpya

Mwalimu wa hesabu alikuwa na hoja. Arua, ambayo ilipewa hadhi ya jiji Julai 2020, ina benki kadhaa kubwa. Stanbic ilirithi matawi ya iliyokuwa Uganda Commercial Bank mwaka 2002, ndiyo maana utaikuta miji mingi ya mbali. Centenary, ambayo wanahisa wake wakubwa ni majimbo ya Kanisa Katoliki, ilianzia kwa watu wa vijijini. Pearl Bank, iliyoitwa PostBank hadi 2025, ni ya serikali. Kuwa na benki unayoweza kuingia kwa miguu na kusema "nipatie kadi mpya" ni raha ambayo niliikosa mwaka mzima.

Raha hiyo ina bei yake, na kwa mgeni bei hulipwa kwa karatasi. Pasipoti, kibali, picha, barua ya mwajiri, na barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa unaoishi. Hiyo ya mwisho ndiyo inayowachanganya wageni. Kwingine mtu angeonyesha bili ya umeme. Huku umeme wa nyumbani wengi tunanunua kwanza kwa mita ya Yaka, bili haipo. Basi unamtafuta mwenyekiti, ambaye mchana yuko shambani na jioni yuko msibani, umkute na muhuri wake. Wangu aliniuliza kwanza mbona sijawahi kufika kwenye mkutano wa kijiji. Nikamwambia sikujua kama nimealikwa. "Mwalimu, mkutano wa kijiji haualiki mtu," akasema, akapiga muhuri. Ushauri: jitambulishe kwake wiki ya kwanza unapohamia, si siku unapoihitaji barua.

Wakimbizi wana njia yao. Kitambulisho cha mkimbizi kinachotolewa na Ofisi ya Waziri Mkuu kinapokelewa benki, na watu waliotoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale au Kyangwali kuja mjini wamefungua akaunti kwacho. Ila kwao kuna swali la ziada, kwa kuwa misaada imefungamana na makazi waliyoandikishwa. Kabla ya kubadilisha akaunti ambayo msaada huingia, waulize kwanza ofisi ya makazi.

Ukichagua benki mpya, usiangalie tu rangi ya jengo. Uliza iko daraja gani. Benki Kuu huzipanga taasisi kwa madaraja. Daraja la kwanza ni benki kamili za biashara. Daraja la pili hupokea akiba na kutoa mikopo, lakini haziruhusiwi akaunti za hundi wala biashara ya fedha za kigeni. Jambo hili si la vitabuni tu: kiwango cha chini cha mtaji wa benki kamili kilipopandishwa hadi shilingi bilioni 150 kufikia Juni 2024, benki kadhaa zilishuka kwenda daraja la pili. Jengo lilelile, kibao karibu kilekile. Kwa mwenyeji mwenye akiba ya shilingi, hakuna tofauti kubwa. Kwa mgeni anayetumiwa dola au anayetaka kutuma karo nyumbani, tofauti ni mchana na usiku.

Akaunti mbili zina faida moja ambayo watu huisahau. Mfuko wa Kulinda Amana wa Uganda humlinda mweka akiba hadi shilingi milioni 10 katika kila taasisi, benki ikianguka. Mwenye milioni 18 benki moja ana milioni 8 zinazosubiri hatima ya ufilisi. Mwenye 9 huku na 9 kule amelindwa zote. Kwa mwalimu kama mimi hesabu hii ni ya ndotoni, lakini nimewajua wafanyabiashara wa mpakani wasioijua, na wao si ndoto.

Gharama ni makato ya kila mwezi mara mbili. Na akaunti ya zamani ukiisahau, inalala: sheria inasema ikipita miaka 2 bila muamala wowote zaidi ya makato ya benki yenyewe, inahamishiwa kwenye rejista ya akaunti zilizolala. Kuiamsha ni kwenda mwenyewe, na pasipoti, na kibali... tumeshaonja. Kama unabakiza zote mbili, weka japo elfu kumi kwenye ile ya zamani mara moja moja. Kama huna haja nayo, ifunge kwa barua, upewe uthibitisho, lakini baada ya mshahara wa miezi miwili kuingia salama kwenye mpya. Usifunge mlango wa nyuma kabla hujaona wa mbele unafunguka. Kuhamisha salio lenyewe si kazi: hadi shilingi milioni 20 hupita kwa njia ya kawaida ya kielektroniki kati ya benki, zaidi ya hapo ni ile njia ya papo kwa papo, ambayo ada yake ni kubwa zaidi.

Simu peke yake, kama kijana wa maabara

Nimemweka mwisho kwa sababu ndiye aliyenipa kazi kubwa ya kufikiri. MTN walianzisha pesa za simu Uganda 2009, Airtel wakaingia, na leo kuna kibanda cha njano au chekundu hata pale ambapo hakuna duka la chumvi. Ukihama, hakuna tawi la kuhamisha. Unashuka kwenye basi na pesa zako.

Basi tuhesabu. Julai 2018 serikali ilianza kutoza ushuru wa asilimia 1 kwenye pesa za simu; watu wakapiga kelele, na kabla ya mwaka kuisha ukashushwa hadi asilimia 0.5, kwenye kutoa tu. Kijana wetu hupokea 1,200,000 na kuitoa yote kwa mwezi. Ushuru peke yake ni 6,000. Kwa mwaka ni 72,000, kabla hujaweka ada ya kampuni ya simu, ambayo huzidi ushuru, na kabla ya makato ya kuvuta pesa kutoka benki kwenda kwenye simu. Ushuru ule uliwekwa kwa pesa za simu, haukuwekwa kwa anayetoa akaunti yake benki au kwa wakala wa benki. Hajati yuko hatua ishirini kutoka kibanda cha njano. Nilimwonyesha kijana hesabu hiyo nyuma ya daftari la maabara. Akaitazama, akasema, "Lakini Mwalimu, kwa Hajati kuna foleni." Sikuwa na jibu, kwa sababu ni kweli.

Kuna jambo la pili. Siku ya uchaguzi wa Februari 2016, huduma za pesa za simu zilizimwa. Januari 2021, wakati wa uchaguzi mwingine, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Mwenye programu ya benki peke yake alikwama, mwenye pesa zote kwenye simu alikuwa ameshakwama miaka mitano kabla yake. Kadi ya plastiki ilionekana ya kizamani mpaka siku ile. Hata kadi nayo si malaika: nilipofika, West Nile ilikuwa bado haijaungwa na gridi ya taifa ya umeme, iliungwa baadaye mwaka huohuo wa 2024, na mashine ya ATM kuzimika ilikuwa habari ya kawaida kama mvua. Ndiyo maana sipendi njia yoyote inayokaa peke yake.

Hata hivyo, pesa za simu zina pahali pake ambapo benki haifiki: kumlipa muuza mkaa, boda, maziwa, mchango wa harusi saa nne usiku. Mimi huhamishia huko matumizi ya wiki, si mshahara. Na menyu ya nyota reli hufanya kazi kwenye simu ya tochi, bila bando, jambo ambalo programu nzuri kuliko zote hailiwezi.

Mawili madogo ya pembeni

Chama cha akiba na mikopo cha walimu kinashawishi, riba ya mkopo ni nafuu na wenzako ndio viongozi. Kumbuka tu kwamba ule mfuko wa kulinda amana hauvihusu vyama hivi. Vinasimamiwa kwa sheria nyingine ya 2016. Na mgeni ambaye kibali chake kinaweza kwisha Desemba hana raha ya kufungia hisa zake mahali ambapo kutoka huchukua miezi. Nimeweka kidogo, cha urafiki.

Akaunti ya nyumbani, Tanga, naibakiza kwa ajili ya nyumbani. Wapo wenzangu wanaopokea mshahara wa Uganda, wakautuma wote kwao, kisha wakautoa kidogo kidogo huku kwa kadi ya kigeni. Wanalipa mara mbili kwenye ubadilishaji wa fedha na hawaoni, kwa sababu makato hayo hayaji kwa jina la makato, yanajificha ndani ya bei ya dola au shilingi. Tuma nyumbani kinachotakiwa nyumbani. Benki za Kenya, Tanzania na Uganda zina mfumo wa malipo wa Afrika Mashariki unaoruhusu kutuma kwa sarafu za kwetu bila kuzungukia dola. Ulizia jina lake, EAPS, kaunta, na usikubali kuandikiwa fomu ya dola kwa sababu tu ndiyo iliyo juu ya meza.

Nani achukue ipi

Kama kibali chako kina chini ya mwaka mmoja na mwajiri ni yuleyule, usifungue kitu kipya. Iache ilipo, tengeneza namba ya simu, tafuta wakala. Kama umebadilisha mwajiri pamoja na mji, fungua mpya mjini kwako, daraja la kwanza ukitumiwa fedha za kigeni, na ile ya zamani uiangalie miezi miwili mitatu kabla ya kuiandikia barua. Mfanyabiashara wa mpakani mwenye zaidi ya milioni 10 awe na mbili, bila mjadala. Kuhamisha tawi namshauri mwenye mkopo au hundi tu. Na mwenye mshahara mdogo anayependa simu, apande hatua ishirini hadi kwa wakala wa benki mara moja kwa mwezi, atoe kodi ya nyumba na kubwa kubwa zote hapo, kisha abaki na simu yake kwa vidogo.

Mimi nimeishia na mbili. Mshahara bado unaingia Wandegeya. Siku inayofuata nusu yake inakuja kwenye akaunti ya Arua, ambako karani wa kaunta sasa ananiita Mwalimu bila kutazama pasipoti. Laini ya simu ni moja kwenye zote mbili, na iko kwenye simu, haiko kwenye droo. Kadi ya Wandegeya inaisha muda mwezi wa nne. Nimeshapiga simu Gulu kuuliza kama naweza kuichukulia huko. Wamesema ndiyo, ila nije na kibali halisi, na kibali chenyewe kimepelekwa Kampala kuhuishwa.